Daktari Anajibu: Faili Lako Likifika Mezani kwa Kamati ya Udahili

Msimu wa maombi unapokaribia, barua zinazofika kwenye safu hii huwa karibu zote ni za jambo moja, nalo ni namna ya kupata nafasi ya kusomea udaktari. Nimekaa kwenye kamati ya udahili kwa miaka kadhaa, nikasoma mafaili mengi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na majibu yaliyomo hapa yanatokana na kiti hicho. Nimechagua barua sita. Majina ya waandishi nimeyahifadhi.

*

Shikamoo Daktari. Nimehitimu masomo ya sayansi nikiwa na alama za juu, nimeomba vyuo vya udaktari miaka miwili mfululizo, na mara zote mbili nimekataliwa bila hata kuitwa kwenye usaili. Wenzangu wawili ambao ufaulu wao uko chini ya wangu wamechukuliwa. Ninakuletea insha yangu ya maombi pamoja na orodha ya shughuli zangu, na ukiona inafaa unaweza kuzijadili hadharani. Nimekosea wapi?
— Aliyekataliwa Mara Mbili

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma insha yako mara tatu, na ninakushukuru kwa ruhusa uliyotoa, kwa sababu kosa lililomo ni lile lile nililolikuta katika mafaili mengi ya watu wenye akili nzuri. Alama zako hazina tatizo lolote. Lakini kazi ya alama ni kukuvusha kizingiti tu. Ukishavuka, rundo lote linalobaki mezani ni la watu wenye alama kama zako, na anayesoma hana tena haja ya kuthibitishiwa kwamba unaweza kukariri njia za kemia. Anachotafuta ni kama umewahi kuiona kazi hii kwa karibu, na kama ulichokiona umekitafakari au umekipita tu.

Insha yako inaanza hivi: “Tangu nikiwa mtoto nimekuwa na shauku kubwa ya kuwasaidia wanadamu, na ninaamini kwamba udaktari ni wito.” Kisarufi sentensi hii haina dosari, na huenda ni ya kweli tupu. Tatizo lake ni kwamba inaweza kung'olewa kwenye faili lako ikapachikwa kwenye faili la mtu mwingine yeyote, na hakuna atakayegundua. Mwaka 2007 chombo kinachopokea maombi ya vyuo vikuu nchini Uingereza kilichunguza insha za waombaji wa kozi ambazo maombi yake hufungwa mapema, udaktari ukiwamo, kikakuta waombaji 234 wakisimulia kisa kile kile cha kuunguza nguo ya kulalia kwa vifaa vya kuchezea kemia walipokuwa na umri wa miaka minane. Kisa hicho walikuwa wamekinakili kutoka kwenye mfano mmoja uliokuwa ukisambaa mtandaoni. Wewe hukunakili, ninajua, lakini msomaji aliyechoka hawezi kutofautisha sentensi iliyonakiliwa na sentensi inayofanana na zote.

Sasa nenda kwenye aya yako ya nne. Humo umeandika, kwa sentensi moja tu na kama mtu anayeomba radhi, kwamba ulijitolea kwa miezi minne kwenye wodi ya wazee, na kwamba kulikuwa na mzee aliyekuwa akikataa dawa mpaka ulipogundua kwamba sikio lake la kushoto halisikii, nayo meza ya dawa ilikuwa upande huo huo wa kushoto. Niliposoma hapo nilikaa kitako. Mzee wa watu ameandikwa kuwa mkaidi, kumbe hasikii anachoambiwa! Halafu ukaliacha jambo hilo, ukaendelea na sentensi nne kuhusu maendeleo ya teknolojia ya tiba.

Ningekuwa wewe ningeanza na mzee huyo, bila utangulizi wowote: “Kwa siku tisa daftari la zamu lilisema kwamba mgonjwa anakataa dawa. Siku ya kumi nilimletea maji nikipitia upande wa dirishani, akaniuliza kwa nini siku zote watu wa hapa hunong'ona.” Kisha ningeeleza nilichofanya na taarifa hiyo, yaani nilimwambia nani, muuguzi wa zamu aliipokea vipi, na nini kilibadilika au hakikubadilika. Usijipe sifa ya kumtibu mtu; wewe ulikuwa mleta maji, na ukisema hivyo wazi msomaji atakuamini katika mengine yote. Baada ya hapo ndipo utakapokuwa na haki ya kusema kwa nini unataka udaktari na si uuguzi, ustawi wa jamii au utafiti wa maabara, swali ambalo insha yako ya sasa hailigusi kabisa ingawa ndilo linaloulizwa kimya kimya na kila anayeifungua. Nawe chunga siri ya mgonjwa: usitaje jina, wala namba ya kitanda, wala jambo lolote litakalomfanya ndugu yake amtambue.

Nafasi inatosha. Mfumo mkuu wa maombi wa Marekani unaruhusu insha ya herufi 5,300 pamoja na nafasi kati ya maneno, na ule wa Uingereza herufi 4,000, ambazo kwa wanaoanza masomo mwaka 2026 na kuendelea zimegawanywa katika maswali matatu: kwa nini unataka kusomea fani hii, masomo yako yamekuandaaje, na umefanya nini kingine nje ya darasa. Hata kama huombi huko, jaribu kuyajibu maswali hayo matatu kwenye karatasi kabla ya kuandika chochote. Utaona mara moja ni lipi huna la kusema juu yake, na hilo ndilo la kushughulikia kabla ya kuomba mara ya tatu.

Kuhusu orodha ya shughuli, umejaza 14. Marekani wanaruhusu hadi 15, na katika hizo mwombaji huchagua zisizozidi tatu za kuzieleza kwa kirefu zaidi. Watu huiona namba 15 wakadhani ni deni la kulipwa. Semina ya siku moja, mbio za hisani za asubuhi moja na cheti cha kuhudhuria mkutano havina ubaya, ila vikikaa juu ya wodi ya wazee vinaifunika. Futa saba. Zilizobaki zipange ili miezi minne ya wodini isomwe kwanza, na useme kwa kila moja ulikuwa ukienda mara ngapi kwa wiki na ulikuwa ukifanya nini hasa kwa mikono yako.

*

Daktari, habari za kazi. Binti yangu ana miaka 16 na anasema anataka kuwa daktari. Ninafahamiana na daktari bingwa wa upasuaji ambaye yuko tayari kumruhusu aingie naye chumba cha upasuaji wakati wa likizo. Je, hilo litamsaidia katika maombi yake, na kuna saa maalumu anazotakiwa kufikisha?
— Mama wa Binti Mmoja

Mama, njema kabisa. Mwache aingie siku moja kama chuo au hospitali inaruhusu watu wa umri wake, kwa sababu atafurahi. Lakini usitegemee siku hiyo kujenga maombi. Katika chumba cha upasuaji mgonjwa amelala, mwanafunzi amesimama mbali, na karibu kila anachokiona ni migongo ya watu. Atatoka na kisa kizuri cha kusimulia nyumbani, lakini kamati ya udahili inataka kujua anakuwaje mbele ya mgonjwa aliye macho, aliyekasirika, aliyesubiri saa tatu na anayeuliza swali lile lile kwa mara ya tano.

Kwa hiyo mtafutie, au afadhali ajitafutie mwenyewe, mahali pa kawaida ambapo anaweza kwenda saa mbili au tatu kila wiki kwa mwaka mzima: makao ya wazee, kituo cha watoto wenye ulemavu, huduma ya wagonjwa mahututi wasiotarajiwa kupona, hata mapokezi ya zahanati. Hakuna idadi moja ya saa inayokubalika kila mahali, na chuo kinachotaka idadi fulani huitangaza chenyewe. Mimi binafsi nilivutiwa zaidi na aliyekaa mahali pamoja muda mrefu kuliko aliyepita sehemu sita kwa wiki moja moja, maana asiyekaa hajawahi kuchoka, na asiyechoka hajui kama ataiweza kazi.

Jambo la pili ni daftari. Mnunulie dogo linaloingia mfukoni, na kila atokapo kwenye zamu aandike mistari mitatu tu kabla hajalala: nini kilitokea, nini hakukielewa, nini kingefanywa vinginevyo. Mistari mitatu leo haina thamani yoyote. Baada ya miaka miwili, atakapokaa kuandika insha yake na akili ikawa tupu kama inavyokuwa kwa kila mtu, daftari hilo litakuwa na mambo ambayo hakuna mwingine aliye nayo.

Na la mwisho, Mama, ambalo ninalisema kwa ukali kidogo: asikubali kuchoma sindano, kushona kidonda wala kupima mgonjwa kabla hajafundishwa na kuidhinishwa, hata kama mwenyeji wake anamwambia ni sawa. Nimewahi kusoma faili la kijana aliyejisifu kwamba alishona majeraha akiwa mwanafunzi wa sekondari. Aliamini ameandika jambo la kumtanguliza, na sisi mezani tukawa tunajadili kama tumwite tu ili tumuulize ni nani aliyempa sindano ile.

*

Daktari, ninajiandaa kwa mtihani wa kujiunga na vyuo vya udaktari. Rafiki zangu wanasema niufanye mapema ili nijue ni mgumu kiasi gani, kisha niurudie. Wewe unashauri nini?
— Mtahiniwa

Ninashauri usiufanye mtihani halisi kama jaribio, kwa sababu jaribio lina mahali pake na mtihani una kumbukumbu. Ule wa MCAT unaotumiwa na vyuo vya Marekani, kwa mfano, huwezi kuufanya zaidi ya mara tatu kwa mwaka mmoja, mara nne kwa miaka miwili, wala mara saba maishani, na vyuo unavyoviomba huona historia yako. Ule wa UCAT unaotumiwa na vyuo vingi vya Uingereza, Australia na Nyuzilandi unafanywa mara moja tu kwa kila msimu, na alama zake ni za msimu huo pekee. Ukikosea, unasubiri mwaka.

Mitihani hii miwili haifanani, wala mtu hajiandai kwayo kwa namna moja. MCAT una sehemu nne zenye alama kati ya 118 na 132 kila moja, hivyo jumla huanzia 472 hadi 528, na unamweka mtu ukumbini kwa zaidi ya saa saba, mapumziko yakiwamo. Humo unaulizwa biolojia, kemia, fizikia, saikolojia na sosholojia, pamoja na sehemu nzima ya kusoma matini na kuyachambua, ambayo ndiyo inayowaangusha wanasayansi wengi kwa kuwa haikaririki. Anayejiandaa kwa mtihani huu anahitaji miezi, na ratiba ya kusoma makala ndefu zisizo za sayansi kila siku. UCAT hauulizi ulichosoma darasani. Unapima kasi ya kufikiri, kwa muda mdogo mno kwa kila swali. Tangu mwaka 2025 umebaki na sehemu tatu za kupima uwezo, zenye jumla ya kuanzia 900 hadi 2,700, na sehemu ya nne ya kupima maamuzi katika mazingira ya kazi, ambayo Uingereza matokeo yake hutolewa kwa madaraja. Hapo miezi sita ya kusoma vitabu haitakusaidia kama wiki sita za kufanya maswali ukiwa na saa mbele yako.

Fanya mitihani ya mazoezi mizima mizima, kwa muda kamili, asubuhi ile ile utakayofanyia mtihani halisi. Alama zako za mazoezi zikishatulia mahali unapopataka kwa mara tatu au nne mfululizo, jisajili. Zikiwa bado zinapanda na kushuka, hujawa tayari, na kuahirisha si aibu.

*

Shikamoo Daktari. Mjomba wangu ni profesa maarufu wa tiba na yuko tayari kuniandikia barua ya mapendekezo. Wengine wanasema nimwombe mwalimu wangu wa biolojia. Yupi ana uzito?
— Mpwa

Marahaba. Mwalimu wa biolojia. Barua ya ndugu, hata angekuwa nani, inamwambia msomaji kwamba una ndugu. Nenda kwa mwalimu wako miezi miwili kabla ya tarehe ya mwisho, mpelekee insha yako na kazi moja uliyomfanyia ambayo aliisahihisha kwa wino mwingi, na umuulize wazi kama anaweza kukuandikia barua nzuri. Akisitasita, mshukuru na utafute mwingine. Mjomba abaki na kazi ya kukufanyia mazoezi ya usaili, na usimwonee haya.

*

Daktari, nimeitwa kwenye usaili wa vituo vingi. Nimesikia kwamba mtu anazungushwa kutoka chumba hadi chumba. Vyumba hivyo vina nini, na ninajibuje maswali ambayo hayana jibu sahihi?
— Mwenye Hofu

Hongera kwanza, maana wengi hawafiki hapo. Utaratibu huu ulibuniwa katika Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa sababu walimu waliona kwamba mahojiano marefu na jopo moja yanategemea mno kama msaili amempenda mwombaji au la. Ukipita vituo vinane mbele ya watu wanane wasioulizana, bahati mbaya ya kituo kimoja haikuui. Kila kituo huchukua dakika chache, kwa kawaida kati ya tano na kumi. Mlangoni kuna karatasi yenye maelezo unayopewa muda mfupi kuyasoma. Kengele inalia, unaingia. Inalia tena, unatoka, hata kama uko katikati ya sentensi.

Acha nikuonyeshe kituo kimoja. Karatasi inasema: mwanafunzi mwenzako amefika wodini asubuhi akinuka pombe, naye anakusihi usimwambie mtu. Utafanya nini? Mwombaji wa kwanza niliyemsaili kwa swali la namna hii alijibu kabla hajakaa vizuri: “Nitamripoti.” Kisha akanyamaza, na tukabaki tukitazamana kwa dakika tano. Wa pili alianza kwa kusema kwamba jambo la kwanza ni mwenzake asimguse mgonjwa asubuhi ile, kwa hiyo angemtoa wodini kwa utulivu. Akasema angemuuliza kama yuko salama na kama ni mara ya kwanza, kwa sababu anaweza kuwa na msiba au ugonjwa. Akaongeza kwamba hata hivyo asingeweza kuahidi kunyamaza, na angemwambia hivyo usoni, angemshauri aende mwenyewe kwa msimamizi, na kama hakwenda yeye angekwenda. Msimamo wao ulikuwa mmoja. Tofauti ni kwamba wa pili alituonyesha njia aliyopita hadi kuufikia, na njiani aliwaona watu wote waliohusika: mgonjwa, mwenzake, msimamizi na yeye mwenyewe.

Kwa hiyo usikariri majibu. Jizoeze kufikiri kwa sauti ukiwa na mtu mbele yako na saa mezani. Msaili akikupinga usidhani umekosea. Mara nyingi ameagizwa kukupinga aone kama utabadilika kama bendera au utang'ang'ania kama kupe. Ukiona hoja yake ina nguvu, sema hivyo na urekebishe. Na ukiharibu kituo, kiache mlangoni. Nimeona waombaji wakiingia kituo cha tano huku nyuso zao bado ziko kituo cha nne.

*

Habari Daktari. Nina miaka 31, ni mhasibu, na mwaka wangu wa kwanza chuoni nilifeli masomo mawili ya sayansi kabla ya kubadilisha fani. Sasa nimerudia masomo hayo nikafaulu vizuri. Je, niufiche mwaka ule? Pia kuna wakala anayesema anaweza kunipatia nafasi ya chuo cha udaktari nje ya nchi bila usaili, nikilipa kabla ya mwisho wa mwezi.
— Mhasibu

Mwaka ule huwezi kuuficha, kwa sababu uko kwenye nakala ya matokeo yako, na anayekuta jambo ambalo mwombaji amelipita kimya huanza kutafuta mengine. Uandikie sentensi mbili au tatu zisizo na malalamiko: nini kilitokea, ulifanya nini, matokeo mapya ni yapi. Miaka yako ya uhasibu usiiombee radhi hata kidogo. Mtu aliyewahi kubeba dhamana ya kazi, akafanya kosa, akalikiri kwa mkubwa wake na kulisahihisha, ana jambo la kusema kwenye usaili ambalo mwenye miaka 18 hana. Na kama unaona umechelewa au hufai kwa namna fulani, kumbuka kwamba Elizabeth Blackwell, mwanamke wa kwanza kupata shahada ya udaktari nchini Marekani, alikataliwa na vyuo vingi vya Marekani kwa kuwa mwanamke, mpaka mwaka 1847 chuo kimoja cha jimbo la New York kilipowaachia wanafunzi wake wa kiume waamue kwa kura. Nao, wakidhani ni mzaha, wakakubali. Alihitimu mwaka 1849.

Huyo wakala usimlipe. Kabla ya kuomba chuo chochote cha nje, liandikie baraza linalosajili madaktari katika nchi unayokusudia kufanyia kazi, uulize kama shahada ya chuo hicho inakubalika kwa usajili na kama mhitimu wake anatakiwa kufanya mtihani wa ziada, na usubiri jibu la maandishi. Wakala akikuonyesha kwamba chuo chake kimo katika orodha ya dunia ya vyuo vya udaktari, mwambie kwamba orodha hiyo yenyewe inaeleza kuwa kuorodheshwa si ithibati. Kisha mwulize ni nani aliyekipa chuo ithibati, na lini, na umpe mpaka mwisho wa mwezi akujibu.